Shimo la Nyuma ya Jiko

Mama alichimba shimo kila kiangazi,
hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jiko.
Maganda ya ndizi humo, majivu, majani ya maboga,
manyoya ya kuku wa Krismasi.
Likijaa analifukia, anapanda mgomba juu yake.
Hivyo ndivyo tulivyohesabu miaka hapa Isanga:
mgomba wa mwaka wa njaa, mgomba wa msiba wa baba,
mgomba wa Tusajigwe aliyezaliwa miguu mbele.
Taka hazikuitwa taka.
Tuliziita mwakani.

Leo penye migomba pana vyumba vinne,
bati la bluu, choo kimoja, wapangaji kumi na mmoja.
Nilijenga mwenyewe, sijuti;
ada ya shule hailipwi kwa mikungu.
Ila siku mafundi walipomwaga zege
sikuuliza, wala hawakuniuliza,
maganda yataenda wapi.

Na maganda yenyewe si yale.
Nepi za mtoto wa chumba cha tatu,
betri, nywele za bandia, soli ya kandambili,
vipakiti vya sabuni ya mia mbili mia mbili.
Panda mgomba hapo, uone utakuzalia nini.

Gari la taka hupita Jumanne. Au Alhamisi.
Husimama chini kule, kwenye lami, likapiga honi
kama bwana harusi aliyechelewa,
nasi wa juu, wa njia ya mawe,
tunashuka mbio na viroba vichwani,
tunakuta harufu yake tu.
Risiti za ada ninazo, nimezitunza kwenye kopo.
Mjumbe Mwasenga anasema tuvumilie, jiji linakua.
Linakua kweli.
Kwangu limefika dirishani:
viroba saba, na nzi wenye afya.

Basi nitasema, maana nani hajui.
Ulikuwa usiku wa Machi, na mvua yetu ile
isiyonyesha, inayokaa.
Saa nane. Loleza haukuonekana, mtu haonekani,
na kila mwenye kiroba alikuwa njiani.
Korongoni nikapishana na mama Subilaga, kajitanda kitenge,
katibu wa kikundi chetu cha usafi.
Hatukusalimiana.
Mto ulinguruma, ukapokea.
Nikarudi, nikalala kama mtoto.

Siku ya tatu akaja mtu wa mabuti ya mpira,
tope la Nzovwe mpaka magotini.
Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.
«Hapa ndipo kwa Lusekelo, darasa la nne B?»
Akatoa daftari kifuani,
limekaushwa kwa moto, kurasa zimeumuka kama mkate.
«Lilikuja kwenye kabichi zangu, tuta la pili.
Vimekuja na vingine, ila hivyo havina jina.»
Akafunua, akanionyesha kwa kidole chenye ufa:
«Hii hesabu ya mwisho hakuimaliza.
Nikaona haya kutupa kazi ya mtoto.»

Nikamkaribisha chai. Ana mifereji ya kuzibua, akasema.
Nikamuuliza, basi tu nisikae kimya,
kabichi anauzia wapi.
«Hapo Mwanjelwa.»
Jikoni sufuria ilikuwa inachemka.
Alinusa. Nilimwona akinusa.
Akaaga vizuri, akashuka na njia ya mawe.

Jioni nilichukua jembe la mama,
nikahesabu hatua kumi na mbili, nikagonga zege.
Nikarudi nyuma. Kati ya choo na ukuta wa jirani
pamebaki mahali pa kutosha beseni moja.
Nikachimba hapo, mpangaji wa chumba cha pili akinitazama
kama mtu aliyepoteza pete.

Maganda yana kwao sasa, maganda peke yake.
Viroba vingine vinne viko dirishani
vinasubiri Jumanne, au Alhamisi.
Lusekelo kaja na ndoo ya majivu,
anataka kujua tutapanda nini.
Nikamwambia, nenda kwanza
kamalize ile hesabu.