Tulipokula Mwezi wa Kumi

Mama hajui kuandika. Ana chupa
alizookota nyuma ya baa moja pale Mudaka,
chupa za bia, shingo nyembamba,
haragwe hupita moja moja, kwa zamu.

Chupa moja, mwezi mmoja.
Mvua ya kulowesha udongo hadi kiwiko: haragwe jekundu.
Manyunyu ya kumdanganya mbuzi: jeupe.
Mvua ya mawe: kijiwe.
Siku kavu haiwekewi kitu.
"Ambacho hakikuja," anasema, "utakihesabu kwa nini?"

Nilipoanza shule, mwezi wa tisa ulijaa hadi shingoni.
Siku ya kufungua masomo ndiyo ya kufungua ardhi.
Tuliingia darasani na matope ya Kabare magotini
na mwalimu hakuuliza,
naye alikuwa nayo.

Sasa nachukua mwezi wa tisa, nautikisa:
punje nne zinazozozana na kijiwe.

Mwaka huo alipanda mara tatu.
Mara ya kwanza maharage yalitoa majani mawili, yakasimama
kama mgeni aliyechungulia jikoni akaona hakuna moto.
Mara ya pili ilikuwa mbegu ya mkopo. Sitaki kuizungumzia.
Mara ya tatu mvua ilikuja usiku mmoja
na deni lake lote la mwezi.
Asubuhi tukatazama chini:
Ziwa Kivu lilikuwa na rangi ya shamba letu.

Kila mtu ana mshtakiwa wake.
M'Rhuhune anasema ni dhambi, hasemi ya nani.
Zihalirwa anawalaumu wachoma makaa walioinyoa milima,
naye ana magunia mawili nyuma ya nyumba.
Agronomu alipanda kwa pikipiki kutoka Bukavu,
akasema tabianchi, tabianchi,
Mama akauliza huyo ni mtoto wa nani.
Kisha akamletea chupa.
Bwana yule alizipanga juu ya benchi,
mwezi wa tisa peke yake, miaka sita,
akavua kofia ya pikipiki
ambayo hakuivua alipotusalimia.

Ukafika mwezi wa pili, na sufuria imelala kifudifudi.
Mama akavuta kreti chini ya kitanda
akapindua mwezi wa kumi, mwaka baada ya mwaka.
Punje zilitoka kwa kusitasita
kama mtoto anayeamshwa kwenda kuteka maji.
Kijiwe kiligonga sufuria. Akakitoa,
akakifuta kwa kitenge, akakiweka kando.
Mugisho, mdogo wetu, akauliza:
"Leo tunakula mvua ya siku gani?"
Hakuna aliyecheka.
Chumvi ilikuwepo. Mafuta, hapana.

Alibakiza chupa moja tu, ile ya shingoni,
mekundu madogo ambayo hata soko la Kadutu
limeyasahau jina.
Mwezi wa sita akashuka nayo kwenye kinamasi,
akainua matuta, akachimba mifereji.
Zaidi ya nusu hayakuota.
Yaliyoota aliyazungukia kama mzazi
mwenye mtoto wa uzeeni.
Mteremkoni akapanda matete yashike udongo shati.
Akagawa mbegu: kidogo juu, kidogo kati ya mihogo,
kidogo kule chini kwenye vyura.
"Mvua imekuwa mume wa wake watatu," alisema,
"sijui leo atalala wapi.
Basi nimetandika kote."

Nilitaka kumnunulia daftari.
Akasema karatasi ni chakula cha panya.
Siku hizi anahesabu kwa vifuniko vya bia
ndani ya bidoni la njano lililokatwa mdomo.
"Hivi," alisema, "havina ladha."

Jana usiku kitu kilianza kugonga bati.
Nilimsikia akiamka, akifungua mlango,
akinyoosha kiganja nje, muda mrefu,
kama anayekadiria kilo ya mtu asiyemwamini.
Nikangoja mlio wa kifuniko.

Akarudi kitandani mikono mitupu.
"Bado," alisema gizani,
sijui kwangu
au kwa ile iliyoko juu ya paa.