Mistari ya Mkaa

Ufunguo wa stoo Bibi Mwanashee aliufunga kwenye pindo la leso,
mafundo mawili,
na leso hiyo alilala nayo.

Stoo haina dirisha. Nyumba zetu za Langoni ndivyo zilivyo.
Ukiingia, pua hujua kabla ya macho:
papa mkavu kambani,
ndimu za achari zikiiva taratibu,
mchele ndani ya debe, majani ya mwarobaini juu yake
wadudu wasithubutu.
Choroko. Kunde. Ukwaju wa mabonge.
Kila kitu na kifuniko chake,
hata kama kifuniko ni kifuu.

Nazi moja kwake haikuisha siku moja.
Tui zito la wali, tui jepesi la mbaazi,
machicha kwa kuku wa jirani,
na Ijumaa yai moja lilirudi kwetu
bila mtu kuomba.
Ukoko wa jana aliuloweka, akaukaanga na kitunguu,
akatuita, "Njooni mle cha wageni!"
Tukala. Tukajiona wageni kweli.

Nyuma ya mlango wa stoo, ukutani, aliweka hesabu.
Kuandika hakujua; alichora.
Sindano: Bwana Mbwana mshona kofia, vibaba viwili vya sukari.
Masikio ya punda: Shee Lali, mchukuzi wa mchanga,
unga, unga, na unga tena.
Mwezi mwandamo: Mwana Aziza, aliyejifungua usiku wa kuamkia Idi,
kikombe cha samli.
Aliyelipa alifutwa kwa kidole gumba,
na gumba la Bibi halikutakata maisha yake yote.
"Siwadai," alisema. "Tunajuana tu."

Siku ya tatu baada ya hitima
mama alinipa ndoo ya chokaa.
"Upake ukuta ule, unatia aibu."
Sijachovya brashi, watu hao.
Nani kawaambia, sijui.
Mshona kofia na sukari ndani ya gazeti.
Shee Lali na unga, punda wake kaingiza kichwa mlangoni.
Mwana Aziza na samli,
kaibebesha mwanawe, sasa ana ndevu.
Kila mmoja alitaka kufuta mstari wake kwa mkono wake.

Ikabaki mistari saba,
chini kabisa, karibu na sakafu,
na kando yake kidude kama kaa, au buibui.
Mama hakukijua. Majirani hawakukijua.
Nikapiga magoti.

Hapo chini niliiona stoo niliyoijua nikiwa na miaka mitano:
rafu ya mwisho, mtungi wa sukari guru,
kifuniko nilichodhani kinanifichia siri.
Na yule buibui hakuwa buibui.
Kilikuwa kiganja. Vidole vitano, vifupi.

Mimi nakumbuka mara tatu.
Yeye alihesabu saba,
na mtungi hakuupandisha rafu ya juu.

Nimepaka chokaa ukuta mzima, pale nimepazunguka.
Nimenunua vipande saba vya sukari guru;
cha nane kingekuwa riba, angenirudishia.
Nikavitia mtungini, palepale.

Leo asubuhi nilikuwa nakuna nazi,
Tima wa dada yangu, miaka minne, hasikiki nyumbani.
Halafu kifuniko kikalia.
Sikugeuka.
Nilinyoosha mkono jikoni, nikipapasa mkaa.