Kilometa ya Kumi na Tisa

Chaneli ni moja, barabara ya magogo ni moja,
na zote mbili ni nyembamba.
Kibao cha getini, ukikwangua theluji, kinasema:
taja kilometa, taja kama unapanda au unashuka.
Kisha unyamaze. Hilo halikuandikwa,
nilifundishwa na Marlene, dereva wa greda,
aliyenishika kidole gumba siku yangu ya kwanza:
"Ukibonyeza hapa unakuwa kiziwi.
Sema kwa ufupi, urudishiwe masikio yako."

Nilimwelewa Novemba ile
Leland alipokalia maikrofoni yake bila kujua.
Dakika arobaini bonde zima lilizibwa na paja la mtu mmoja.
Malori kumi na mawili yalijibanza kwenye mapengo ya kupishania,
injini zikinguruma, nasi tukimsikiliza
akimwomba msamaha Odile, ambaye hakuwemo garini,
akiyarudia maneno, akiyapanga upya.
Nani angemwambia? Anayerusha hapokei.
Mpaka leo, tukikaa naye kwenye supu ya salmoni,
jina hilo hatulitaji.

Halafu ikaja asubuhi yangu.
Ukungu, minyororo kwenye matairi,
tani arobaini za misonobari mgongoni.
"Kumi na tisa, nashuka na mzigo."
Nikaachia kidole. Kimya.
Kimya kilichonyooka kama ruhusa.

Sekunde ileile Gurdev naye alikuwa amebonyeza,
kilometa kumi na saba, akipanda mtupu;
akaachia, akapokea kimya hichohicho.
Wawili wakisema pamoja hewani
hakuna aliyesema.

Ila kule kilimani Marlene alisikia mkwaruzo,
kama kisu juu ya sahani,
akajua ni sauti mbili zimebanana tundu moja.
"Mmegongana," alisema. "Rudieni. Mmoja mmoja.
Mwenye mzigo aanze."

Nikataja. Akataja.
Akaegesha ubavuni mwa genge, pale kumi na nane,
taa zake zikinisubiri, rangi ya chai ya maziwa.
Nilipompita aliinua kiganja.

Nilitaka kumshukuru, kidole kilikuwa tayari.
Lakini huko ishirini na sita mtu alikuwa anataja kilometa yake,
sauti changa, inatetemeka kidogo.
Nikamwachia hewa.