Unga wa Januari

Barua kutoka Riga ilikuwa ya ukurasa mmoja,
karatasi nzito, nyeupe, upande wa pili mtupu;
sisi tulishaamriwa kuandika pande zote mbili.
Uchumi umedorora, ilisema. Wakopeshaji wana masharti.
Kila halmashauri ipunguze theluthi moja
kabla ya Ijumaa.

Theluthi ya nini?
Mimi ni mhasibu. Najua theluthi ya mia, theluthi ya elfu.
Theluthi ya Vizma anayefundisha hisabati siijui:
niache kichwa na mkono wa chaki,
nikate miguu inayompandisha kilima cha shule?

Kwenye makaratasi hakuna mtu.
Kuna fungu la tatu, kifungu cha saba.
Fungu la tatu ni Skaidrite wa maktaba,
aliyeniazima kitabu mwaka niliofiwa na mama
na hajakidai mpaka leo.
Kifungu cha saba ni sufuria ya shule,
supu ya bitiruti, watoto sitini na mmoja,
na wapo, nawajua kwa majina, ambao hawali kingine mpaka kesho yake.
Taa za barabarani: nikazima moja, nikaacha moja,
nikazima moja, nikaacha moja,
mji ukaota mapengo.

Waziri alituambia kwenye televisheni tukaze mkanda.
Nilimtazama mume wangu akivua wake usiku ule;
tundu la mwisho alishalitoboa mwenyewe, kwa msumari.

Mstari wa kumi na tisa, kalamu ikasita.
"Usafishaji wa barabara, majira ya baridi. Dereva mmoja."
Dereva mmoja ni Ilgvars.
Alikuwa jikoni wakati huo, akinitengenezea chai,
akipiga mluzi vibaya.
Watu husema fulani kapigwa kalamu,
kana kwamba kalamu hutembea yenyewe usiku.
Hii niliishika mimi. Ya buluu. Kifuniko nimekitafuna.

Sikumwambia.
Alisoma kwenye ubao wa matangazo, Novemba, kama wote,
akarudi, akatundika funguo za trekta mahali pake,
akakumbuka si zake, akavaa koti tena, akazirudisha.
Kiinua mgongo kilikuwa lati mia mbili na kumi.
Mgongo wenyewe una miaka ishirini na mitatu ya kiti cha chuma.
Hakusema neno. Akala. Akaosha na sahani yangu,
na hilo ndilo lililonichoma.

Januari mbingu ikamwaga unga.
Usiku kucha, unga juu ya unga,
utadhani wote waliomwaga unga nchi nzima
wamepanda huko juu kukung'uta magunia.
Na fagio la chuma, lile la kweli, la mbele ya trekta,
lilikuwa ghalani nyuma ya kufuli jipya.
Kufuli nililipia mimi. Fungu la pili.

Saa kumi alfajiri upande wake wa kitanda ulikuwa baridi.
Nilimwona dirishani chini ya taa niliyoiacha,
akapotea chini ya taa niliyoizima,
akaonekana tena. Koleo, mgongo. Koleo, mgongo.
Kutoka kanisani kuelekea kituo cha basi.
Nikavaa buti, nikamfuata na koleo la majivu,
dogo kama kijiko.
Hakuniangalia. Alisogea tu, akaniachia upande mmoja wa njia.

Saa moja, giza bado, basi likaja bila kuteleza.
Vizma alikuwepo, na sanduku lililofungwa kamba.
Vijana watatu wa mpishi. Skaidrite na dada yake.
Wanakwenda Ayalandi kuchuma uyoga.
"Asante kwa njia," Vizma alimwambia Ilgvars,
kisha akanitazama mimi,
nami nikatazama kijiko changu.

Hatujawahi kuwa na barabara safi namna ile.
Basi liliondoka kana kwamba limepakwa mafuta.

Ilgvars akaegemeza koleo ukutani,
akapuliza vidole,
akauliza kama nimekumbuka kufunga mlango wa jiko.
Neno lake la kwanza tangu Novemba.
Sikukumbuka.