Kinga

Huku kwetu Bukavu baiskeli ni kinga.
Sijui nani aliibatiza. Fundi Balagizi
husema ni kwa kuwa inakukinga na kutembea,
kisha anacheka, vidole vyeusi kwa grisi,
na kunidai faranga mia tano za kiraka.

Tulikuwa wanne: mimi, Mweze, Cirhuza
na Nabintu, ambaye breki kwake ni matusi.
Jumamosi tulizipandisha kinga mabegani
hadi juu ya Ciriri, pale mikaratusi inapoishia,
tukazielekeza pua ziwani,
tukajiachia.

Ee, ile kasi!
Meno yakigongana, kofia za pikipiki zikiyumba vichwani,
mabati ya Kadutu yakipanda kutulaki,
gurudumu la nyuma likinyongwa ghafla kwenye kona
na udongo mwekundu ukitawanyika
kama vifaranga walioona mwewe.
Tuliipenda alama ile ya tairi.
Tuliipima kwa hatua: leo nani kaacha ndefu?

Msimu mzima tulipita palepale.
Nyasi zikalala, kisha zikaacha kuamka.
Mstari ukawa mfereji,
mfereji ukaota kingo,
nasi tukazifurahia kingo, tukaziruka.

Mvua ya Novemba haina kinga,
lakini njia yetu iliijua.
Ilishuka usiku mmoja kwa kasi ambayo hata Mweze hajaifikia,
bila breki, na mzigo juu:
mawe, mizizi, kiatu cha mtu,
ikaingia jikoni kwa mama Nshobole bila hodi,
ikayalalia maharagwe yake, mistari saba.
Hakufa mtu. Nasema mapema,
maana katika mji huu, ukitaja mvua,
watu huhesabu watoto kwanza.

Asubuhi alikuja kwa fundi na jembe.
Tulidhani ni la vichwa vyetu.
Akauliza: "Nani kati yenu ana mgongo?"

Alitupandisha kwa miguu, polepole,
akisimama kila baada ya hatua kumi
kumwaga maji kidogo kutoka kwenye bidoni ya njano.
"Tazameni yanakotaka kwenda."
Yalitaka kwenda tulikokwenda sisi.
Kila mara. Kwenye mkwaruzo uleule.

Basi tukajifunza upya kuchora.
Njia tukaizungusha ubavuni mwa kilima,
kama mtu apandaye na gunia la makala,
si kama jiwe lianguka­lo tu.
Kila kona, gogo limelazwa mshazari:
maji yafike, yasalimie, yageukie majanini.
Ile ya zamani tuliijaza mawe, tukapanda matete.
Miche ilipanda kwa kinga zilezile,
Nabintu akiifunga kwa mipira ya ndani iliyokwisha kufa.

Sheria hatujaziandika.
Udongo ukishika kisigino, hatupandi.
Breki tunazibembeleza.
Cirhuza alisema mchezo umekuwa kama misa,
akahamia kilima kingine, upande wa Panzi.
Namkumbuka. Kile kilima nakiombea.

Mwalimu alituandikia zamani ubaoni:
kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Alieleza habari za kuni;
mimi nikaona magurudumu mawili.
Siku hizi naona mama Nshobole,
beseni mikononi, anakinga maji ya bati
kabla hayajapata wazo la kutembea.

Usiku huu inanyesha.
Nimelala nikiifuata mvua mteremkoni:
gogo la kwanza, imegeuka.
La pili. La tatu, penye mparachichi.
La sita sina hakika.
Siku ile tulikuwa tumechoka,
na jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Kahuzi.

Kukipambazuka nitapanda na koleo,
kwa miguu.