Usipulize

Bi Kudrnová alihangaika na lile gego dakika arobaini,
kisha akaliweka kwenye kibakuli cha bati:
mizizi miwili, mmoja umepinda kama ndoana.
Akamwandikia baba kwenye karatasi ya waridi:
usivute sigara, usinyonye kwa mrija,
usipulize. Siku saba.
Neno la mwisho alilipigia mstari mara mbili,
maana alimjua Vlastimil. Mji mzima unamjua.

Baba yangu ni mpuliza vioo.
Hoteli moja ya Liberec ilikuwa ikingoja taa zake,
sitini, za duara, rangi ya asali,
na tanuri halizimwi kwa ajili ya jino.
Siku ya tatu akajifunga skafu tayani, akashika njia ya theluji.
"Nitapuliza kwa upande wa kushoto," alisema,
kana kwamba pumzi ina upande.

Nilikuwepo. Niliona shavu likijaa,
nikaona kioo kikivimba mwisho wa bomba,
kizuri, Mungu anisamehe, kizuri kuliko vyote.
Kisha akageuka akatema majivuni
kidonge cheusi, kama zabibu iliyokauka.
Sote tulicheka.
Kumbe kile ndicho kilikuwa kifuniko.
Mfupa ukabaki uchi, mwezi wa Januari.

Usiku maumivu yakapanda hadi sikioni.
Mama akachokoa karafuu kwenye kopo la viungo vya keki,
baba akazitafuna, akalia kimya kimya ukutani.
Mdomo wake ulinuka
maji ya maua yaliyosahaulika kwenye jagi.
Kuna kidonda, na kuna donda ndugu:
huyu ndugu alihamia kwetu na mizigo yake,
akala, akalala, akanenepa wiki tatu,
akajipasulia kidirisha chini ya taya
na kutuchungulia kwa jicho la usaha.

Halafu mdomo wa chini, nusu ya kulia, ukafa ganzi.
Hilo ndilo lililomvunja.
Aliweka bomba mdomoni
na mdomo haukulijua.

Hospitalini wakatuonyesha picha ya taya:
limetobolewa tobolewa
kama sweta ya sufu iliyoshinda na nondo.
Wakamkwangua. Wakamtundikia dripu wiki sita.
Yeye akawa anahesabu mapovu
kwenye vioo vya madirisha ya wodi,
na kila nesi aliyepita alimwambia:
"Hiki kazi ya mashine. Kile pale, kazi ya mtu."

Nyumbani, mwezi wa Aprili, anakula uji wa semolina,
akasimamisha kijiko.
Akaingiza vidole viwili, akatoa
kipande cha mfupa, kijivu, chepesi,
kama punje ya mchele isiyowahi kuiva.
Akakiangusha kwenye sahani: ting.
"Sauti mbaya," alisema. "Kina ufa."
Ndipo mama akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi,
akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Bi Kudrnová anataka kumwekea jino la bandia.
Anakataa. Jino la pembe si dawa ya pengo, na ulimi
umeshazoea kwenda pale, kama mjane makaburini,
kukagua.

Sasa napuliza mimi.
Yeye hukaa nyuma yangu, kiganja mgongoni:
gonga moja, ongeza; gonga mbili, acha.
Hugonga mbili mapema mno, kila mara.

Hoteli ilinunua taa kwingine.
Ile ya siku ya tatu inaning'inia juu ya meza yetu,
na chini yake baba anakunywa supu.
Tone linateremka kidevuni, upande wa kulia.
Hajui.
Mama ananyoosha kitambaa, anapangusa,
bila kukatiza habari
ya bei ya makaa.