Ngome, Juu ya Bugarika

Nilikinunua Makoroboi, chini ya turubai,
kati ya chaja mbovu na viatu vya mguu mmoja:
kitabu cha karne ya kumi na nane, jalada limeliwa,
mhuri wa maktaba ya shule moja ya Geita,
elfu moja mia tano. Muuzaji alisema, Chukua,
hicho hakuna anayekiweza.

Kweli hakiwezeki. Sentensi moja
ni ndefu kuliko foleni ya kivuko cha Kamanga:
unapanda, unasubiri, unashuka ng'ambo
umesahau ulichokuwa umebeba.
Kuna ngome. Kuna kabaila mwenye nyusi nzito.
Kuna msichana anazimia ukurasa wa kumi na moja,
wa kumi na tisa, wa thelathini,
na kila akishika mshumaa
upepo unajua zamu yake.

Nilicheka. Luku imekwisha,
nasoma kwa tochi ya simu, asilimia ishirini na mbili,
nikamwambia kwa sauti: Dada, usishuke huko chini.
Sisi huku nyumba zetu zimeegemea majabali,
jiwe juu ya jiwe, hakuna aliyeyapanga,
na pimbi wakilia usiku kama mtoto anayenyongwa
tunageukia upande wa pili, tunalala.
Asubuhi korongo wa Mwaloni wamejipanga juu ya paa
kama makasisi wanaosubiri maiti,
nasi tunawapita na ndoo za dagaa.
Utanitisha na nini, bwana mwandishi? Na pazia?

Basi ukurasa wa mia na arobaini
mzimu ukatokea, mweupe, unaburuta minyororo,
ukamnyooshea kidole mjane: Ni yeye.
Watumishi wakapiga magoti. Mjane akafukuzwa mvua ikinyesha.
Na aya mbili mbele, polepole, kama mtu anayehesabu chenji,
kabaila akafungua sanduku la mjane
akatoa hati za mashamba.

Hapo sikucheka.
Simu nikailaza kifuani, mwanga ukafia kwenye shati.

Bibi Minza alitufikia kutoka Magu
usiku, na kanga moja, na kuku aliyekufa njiani.
Macho mekundu. Miaka hamsini
akipuliza moto wa samadi kwa kuwa miti iliisha,
nani asingekuwa na macho mekundu?
Lakini ng'ombe wa jirani walikufa wawili,
na mganga akaota,
na ndoto ya mganga ilijua jina, ilijua mlango,
ilijua mpaka wa jaruba la mpunga hadi mkuyu wa mwisho.
Baba mdogo Lugiko analima pale mpaka leo.

Mizimu ya namna hiyo, ukiifunua shuka,
chini yake mna mtu ameshika futi kamba.

Nyuma ya ukuta akakohoa.
"Unasoma nini saa hizi?"
Watu wanagombea nyumba, Bibi.
"Nani kaichukua?"
Nikainua simu, nikafunua. Baada ya mia mbili na sita
hakuna kitu, uzi tu na gundi kavu;
labda kuna aliyefungia karanga.
Kurasa za mwisho hazipo.

Akanyamaza. Juu ya bati kitu kikapita, chepesi, kikaruka mwambani.
"Basi mwache huyo mtoto wa watu alale," akasema,
"nawe zima taa,
inaita wadudu wa ziwa."